Meno ya Mkopo

Wake za watu wengi humwomba Mungu awape mama mkwe mkimya. Mama Fagio alipewa wa namna hiyo, akaenda kukopa pesa ili aongee.

Hilo lakini lilijulikana baadaye. Mwanzoni kikundi cha akina mama kilijua habari nyingine kabisa, kwamba Mama Fagio amechukua mkopo wa kufuga kuku.

Jina hilo alilipata kwa kazi yake. Alikata nyasi ngumu kule bondeni, akazianika juu ya paa la jiko, akazichana kwa ubao wenye misumari, kisha akazifunga shingoni kwa ukanda wa mpira wa baiskeli mpaka zikakaza kama zimekunja ngumi. Fagio zake zilikuwa nzuri mno, na huo ndio ulikuwa mkosi wake wa kwanza, kwa sababu ufagio usioisha haumrudishi mteja. Mkosi wa pili ulikuwa mdomo wake. Mteja akiuliza bei, Mama Fagio alitaja bei na punguzo lake kwa pumzi moja. Mteja akinyamaza kidogo ili afikirie, yeye aliongeza punguzo la pili, kwa huruma tu, ili kumtoa kwenye mawazo. Kuna waliojifunza kunyamaza kwa makusudi. Walisimama mbele yake wakiangalia mawingu, na bei ikashuka yenyewe kama mtu anayeteremka ngazi.

Mume wake alikuwa fundi mwashi. Alijenga nyumba za watu mbali na kwao, akarudi mwisho wa mwezi na vumbi la saruji kwenye nyusi. Watoto walishinda shuleni. Kwa hiyo mchana kutwa nyumba ile ilikuwa na watu wawili: Mama Fagio uani na nyasi zake, na mama mkwe katika chumba cha mbele kilichokuwa sebule pia, kwenye kiti kilicho chini ya dirisha linalotazama njia.

Huyu mama mkwe, ambaye watoto walimwita Bibi na watu wote wakafuata, zamani aliuza vyungu sokoni, na sifa zake hazijafa mpaka leo. Inasemekana mwanamume mmoja alikuja kumrudishia chungu chenye ufa, akaondoka na viwili. Mama Fagio alipoolewa, Bibi alimpokea kwa maneno na akaendelea nayo. Alimsema kwa chumvi, kwa namna ya kukunja mkeka, kwa kufunga mlango kwa kishindo na kwa kutoufunga. Zaidi ya yote alimsema kwa kuuza fagio kana kwamba ameziiba na anataka ziishe haraka. Mama Fagio alilia siku za mwanzo, akazoea, na mwishowe akawa hawezi kuonja mboga bila kungoja aambiwe imekosa nini.

Kisha meno ya Bibi yakaanza kuondoka. Yaliondoka kama wageni kwenye shughuli: mmoja akiinuka kuaga, wengine nao wanakumbuka kwao. Lilipong'oka la mwisho la mbele, Bibi alikwenda bombani kuchota maji, akataka kumkemea mtu aliyemruka kwenye foleni, na maneno yakatoka yamejaa upepo. Watu wakacheka. Hawakuwa na nia mbaya, walicheka tu kama watu wanavyocheka. Lakini Bibi alibeba ndoo yake, akajifunika mdomo kwa mtandio, akaingia chumba cha mbele, na hakusema tena.

Hakuwa mgonjwa. Alitaka chai, aligonga kikombe kwa kijiko. Alitaka mlango ufungwe, aliutazama. Chakula kigumu alikisukuma pembeni, na kile laini alikula akiwa ameipa nyumba mgongo. Mama Fagio aliweka chumvi nyingi makusudi, akasubiri. Kimya. Akakunja mkeka vibaya mbele ya macho yake. Kimya. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba ungesikia sukari ikiyeyuka.

"Shoga, wewe una bahati na unalalamika," jirani yake alimwambia. "Wangu mimi huniamsha kwa matusi."

"Nikopeshe wa kwako wiki moja," Mama Fagio akajibu, wala hakuwa anatania.

Huyu jirani alijulikana kama Mama Vifaranga, maana alifuga kuku, na nyumba yao ilitenganishwa na ya Mama Fagio kwa ua wa miti iliyopandwa, wenye tundu moja ambalo wenyewe wawili walipitia wakiazimana chumvi.

Wote wawili walikuwa wanachama wa kikundi. Kikundi kilikutana kila wiki kwenye kibanda cha mshonaji, wanachama wakikaa kati ya magauni ambayo hayajapata mikono. Kila mmoja aliweka akiba yake, na aliyehitaji alikopa kwenye hiyo akiba. Mshonaji ndiye aliyekuwa mweka hazina, na ilisemwa kwamba tangu azaliwe hajawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza, hata panadoli. Mwenyekiti alikuwa mkunga mstaafu. Yeye hakuchaguliwa kwa elimu wala kwa umri. Alichaguliwa kwa sababu nusu ya kijiji ilipita mikononi mwake, na mtu aliyekupokea ukiwa uchi unalia ni vigumu kumdanganya.

Sheria zao zilikuwa chache na kali. Mkopo mkubwa ni wa mradi, yaani kitu kinacholeta pesa. Mwenyekiti na mweka hazina hupita nyumba kwa nyumba kukagua, na kila mradi wanaouona wanaufunga uzi wa bluu, kutoka kwenye kibiringo ambacho mshonaji alibakiza baada ya kushona sare za shule. Ukipita kijijini ulijua pesa za akina mama ziko wapi: uzi wa bluu kwenye pembe ya mbuzi, uzi wa bluu kwenye mpini wa jembe, uzi wa bluu kwenye mguu wa kuku. Aliyekopa kwa jina la mradi akafanyia mambo mengine alirudisha mkopo siku hiyo hiyo. Asipoweza, alitolewa kikundini, akiba yake ikabaki kufidia, na alichonunua kikawa mali ya kikundi. Palikuwa na mfuko mdogo wa dharura, lakini tangu mtu mmoja akope humo kwa ajili ya kusuka nywele, mwenyekiti aliamua kwamba dharura ni ugonjwa wa kukulaza kitandani. Meno hayamlazi mtu. Mama Fagio alikwishauliza, kwa kuzungukazunguka, akisema ni swali la rafiki yake mmoja wa mbali.

Ndipo akaomba mkopo wa kuku. Alijiambia kwamba hasemi uongo, anapanga tu ratiba: meno kwanza, kisha fagio ziuzwe, kisha faida inunue kuku, na wakaguzi wakija watakuta kuku wanaoparua kama kuku wengine wote. Akampeleka Bibi mjini kwa daktari wa meno. Bibi alipimwa, akang'atishwa kitu laini kama unga uliokandwa, wakarudi, wakaenda tena, na safari ya mwisho akarudi na meno ya bandia, juu na chini, meupe kama vikombe vya wageni.

Njia nzima ndani ya basi hakufungua mdomo. Walipofika nyumbani akakaa kwenye kiti chake, akaangalia kioo kidogo, akayagonganisha meno mara kadhaa kama mtu anayejaribu mlango mpya. Halafu akasema, "Miaka yote hii unauza fagio kwa bei ya kutupa. Na ule mkeka, nani alikufundisha kukunja vile?"

Mama Fagio alikaa chini akalia kwa furaha.

Wakakubaliana kwamba meno yafichwe mpaka kuku wapatikane. Bibi asitoke nje, na mgeni akija mtandio urudi mdomoni. Bibi alikubali, lakini mtu aliyenyamaza muda mrefu ni kama chupa ya soda iliyotikiswa. Siku iliyofuata mteja alisimama njiani, karibu na dirisha, akauliza bei ya ufagio. Mama Fagio alikuwa jikoni anajifuta mikono. Kabla hajatokeza, sauti ikatoka nyuma ya pazia, ikataja bei. Mteja akanyamaza akaangalia mawingu, kama ilivyokuwa desturi yake. Pazia nalo likanyamaza. Walinyamaziana hivyo mpaka mteja akachoka shingo, akalipa.

Basi ikawa ndiyo mtindo. Wateja waliona pazia, wakasikia sauti, wakadhani Mama Fagio ana mafua na roho mpya. Mweka hazina mwenyewe alipita akitaka ufagio wa kibandani kwake, akaomba apunguziwe. Pazia likamwambia: "Wewe unayelipisha kushona kifungo kimoja kama unashona gauni zima, huoni haya kuomba punguzo la ufagio? Chukua mbili, mmoja ufagie hiyo aibu." Mweka hazina alifika nyumbani na fagio mbili, ameshalipa bei kamili, na hakuelewa ilikuwaje. Kwenye mkutano aliwaambia wenzake kwamba Mama Fagio ameota pembe. Mama Fagio alitazama chini akajikuna mkono.

Rundo la fagio lililokuwa limelala kwenye kona ya sebule tangu masika lilianza kupungua. Hesabu zingekwenda sawa kabisa kama mwenyekiti asingeinuka katika mkutano huo huo na kutangaza kwamba safari hii ukaguzi hautangoja mwisho wa msimu. Utafanyika keshokutwa.

Mama Fagio alipita kwenye tundu la ua kabla hata hajaweka mkoba chini. Alimweleza jirani yake mambo yote. Mama Vifaranga alisikiliza, akacheka mpaka akashika nguzo, kisha akauliza swali la maana, kama kweli wanaweza kumtoa. Mama Fagio akasema sheria ni sheria, na kwamba akiba iliyomo ndani ndiyo karo ya watoto, ndiyo bati la jikoni, ndiyo kila kitu alichowahi kuweka bila mtu kumwomba.

"Basi azima kuku wangu," Mama Vifaranga akasema. "Wataanza kwangu asubuhi. Wakimaliza hapa watakwenda kwa wale wa mtaa wa chini, kwako watafika alasiri. Tunakata uzi, tunawapitisha kuku hapa tunduni. Kuku ni kuku."

Siku ya ukaguzi ikaenda kama walivyopanga, mwanzoni. Mwenyekiti alikagua kuku wa Mama Vifaranga, mweka hazina akawafunga uzi, wakaondoka. Wale wawili wakakamata kuku mmoja mmoja, wakakata uzi kwa wembe, wakawapakia kwenye tenga, wakalipitisha tunduni kwa kusukumana. Kulikuwa na jogoo mwenye majivuno, majike kadhaa ya kawaida, na mmoja kishingo, asiye na manyoya shingoni hata moja, mwekundu kama ameungua jua. Mama Fagio alitaka huyo abaki. Mama Vifaranga akasema kishingo ndiye kiongozi wao, akibaki wengine watamlilia.

Alasiri wakaguzi wakapiga hodi. Mwenyekiti alisimama uani mikono nyuma, akiwatazama kuku kama alivyokuwa akiwatazama wajawazito, bila haraka na bila kuamini wanachosema.

"Huyu kishingo nimemwona mahali leo," akasema.

Mama Fagio akasema vishingo wote wanafanana, na kwamba huenda ni ndugu. Mweka hazina akatoa kibiringo chake cha uzi wa bluu, akachuchumaa. Hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipangia. Jike la kwanza lilipouona uzi, likainua mguu lenyewe kabla ya kuombwa. La pili likafanya vivyo hivyo. Kishingo alisogea mbele, akainua mguu, akangoja zamu yake kama mwanafunzi anayepimwa viatu.

"Kuku wako wamelelewa," mweka hazina akasema kwa mshangao wa kweli.

"Naongea nao," Mama Fagio akajibu. Jasho lilikuwa limeanza kutafuta njia mgongoni.

Kazi ikaisha. Kila kuku alikuwa na uzi, na Mama Fagio alikwishaanza kushukuru na kuwasindikiza wageni kwa hatua fupi fupi kuelekea njiani. Mwenyekiti akasimama, akasema haifai kupita mlango wa mtu mzima bila kumwamkia.

Wakaingia. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, mtandio umepanda mpaka puani, macho tu ndiyo yanaonekana. Mwenyekiti akamwamkia kwa heshima zote, Bibi akaitikia kwa kichwa. Mwenyekiti, aliyemjua tangu enzi za vyungu, akaingiwa na huruma na akakaa. Mweka hazina naye akakaa. Ikabidi chai ichemshwe.

Chai ya haraka haipo duniani, hasa ukiitaka. Moto uligoma, kisha maji yakagoma, kisha mwenyekiti akaanza kumsimulia Bibi habari za soko la zamani, akizikosea. Alisema vyungu vya zamani viliuzwa bei rahisi. Mtandio ukatikisika. Alisema wauzaji wa siku zile walikuwa wapole. Mtandio ukavimba kama tanga, ukatulia. Mama Fagio alimtazama mama mkwe wake kwa macho ya kuomba, na Bibi akaangalia dari.

Nje, jua lilikuwa linashuka. Hakuna anayejua kuku husomaje saa, lakini huisoma, na saa ya kulala haina mjadala kwao. Kuku hajali amefungwa uzi wa nani wala ameandikwa kwa jina gani, hulala alikozoea kulala. Mama Fagio akiwa anamimina chai aliona, kupitia mlango uliokuwa wazi, kishingo ameacha kuparua. Kishingo alitazama mbingu. Kisha akageuka kuelekea uani mwa jirani, na jike la kwanza likamfuata.

Mama Fagio akaweka birika chini, akaenda kukaa kizingitini, akatandaza gauni lake pande zote mbili ili kuziba mlango, akasema hapo kuna hewa nzuri.

"Banda lao liko wapi?" mwenyekiti akauliza akipuliza chai. "Uani sikuona banda."

Katika siku zote za kupanga, hakuna aliyekuwa amefikiria banda. Mama Fagio akasema hawa hupenda kulala juu ya miti. Mwenyekiti akainama kidogo, akatazama juu ya bega lake. Kuku walikuwa wanapita nyuma ya mgongo wa Mama Fagio kwa mstari ulionyooka, mguu mmoja mmoja una uzi wa bluu, jogoo nyuma akihakikisha hakuna anayebaki.

"Wanakwenda wapi?"

"Wanatembea kidogo kabla ya kulala," Mama Fagio akasema. "Kwa afya."

Ndipo kutoka ng'ambo ya ua ikasikika sauti ya Mama Vifaranga, ambaye alikuwa amefungua banda lake na kwa mazoea ya kila jioni akasahau mambo yote mengine, akiwaita kuku wake kwa majina waingie ndani, na kumgombeza kishingo kwa kuchelewa.

Kisha kitu kikapasuka kwenye kiti kilicho chini ya dirisha. Bibi alikuwa anacheka. Alicheka kutoka tumboni, alicheka kwa deni la miaka, mtandio ukaanguka mapajani, na kwenye mwanga wa jioni yakaonekana meno yake yote, juu na chini, meupe, mapya, yanang'aa kama sufuria ambazo hazijapata moto.

Mwenyekiti aliweka kikombe chini taratibu. Alimtazama Bibi, akamtazama Mama Fagio, akautazama ua, ambapo jogoo alikuwa anamalizia kupita tunduni.

"Kumbe kuku wenyewe ndio hawa," akasema, akionyesha mdomo wa Bibi.

Mama Fagio hakuwa na uwezo wa uongo mwingine. Alisema yote akiwa bado kizingitini, akiongea na pindo la gauni lake. Alisema alipanga kununua kuku kwa faida. Alisema jirani asilaumiwe, alimwonea huruma tu. Alisema anajua sheria. Alipofika kwenye sababu, sauti ikapungua. "Nilitaka aongee," akasema. "Nyumba ilikuwa imekufa."

Mweka hazina alikohoa. Hakufurahia, lakini alikuwa mtu wa sheria, akaikumbusha: mkopo unarudi leo, na usiporudi, kilichonunuliwa ni mali ya kikundi. Aliposema hivyo macho yake yalikwenda yenyewe kwenye meno, na yeye mwenyewe akaona haya.

Bibi akaacha kucheka. Akaingiza vidole mdomoni, akatoa meno ya juu, akatoa ya chini, akayapanga kwenye kisosi, juu ya meza, katikati ya vikombe.

"Haya, mali yenu," akasema, na maneno yakatoka na upepo ule ule wa bombani, mashavu yameingia ndani. "Wanachama mko wengi. Mtayavaa kwa zamu, au kila mmoja atapewa jino lake?"

Hakuna aliyecheka. Meno yaliwatazama kutoka kwenye kisosi. Mweka hazina alisogeza kikombe chake mbali kidogo. Mama Fagio aliona kwamba mkono wa Bibi, ule uliokuwa ukienda kwenye mtandio, umesimama njiani na haukuendelea. Bibi aliwaacha wamwone.

"Yarudishe, dada mkubwa," mwenyekiti akasema mwishowe. "Ukiwa hivyo siwezi kukugombeza, na nina mengi ya kukugombeza."

Bibi akayarudisha, akayagonganisha kidogo kuyaweka sawa. "Gombeza basi. Lakini kwanza nikuulize. Nani alikwambia vyungu vyangu vilikuwa bei rahisi? Na huyu mshonaji wako anayelipisha kifungo kama gauni zima, leo ndiye wa kuhukumu bei za watu?"

Mweka hazina aliinuka nusu. Kinywa chake kilifunguka na kubaki hivyo. Alitazama dirisha, akatazama pazia, akatazama kiti kilicho chini yake.

"Ni wewe," akasema. "Ni wewe uliyeniuzia fagio mbili."

"Nilitaka nikuuzie tatu," Bibi akasema. "Nikakuonea huruma, nikakuacha ukimbie."

Mwenyekiti alimgeukia mweka hazina. Alimuuliza, kwa sauti ile ya wodini, kama tangu wajuane amewahi kununua kitu chochote bila kupunguziwa. Mweka hazina akasema ni mara moja tu. Mwenyekiti akauliza ilikuwa wapi. Mweka hazina alinyoosha kidole kwenye pazia kama mtu anayemtambua mwizi wake.

Mwenyekiti akaitazama kona ya sebule. Kila mwanachama aliyewahi kuingia nyumba ile aliijua kona hiyo kwa rundo la fagio lililofika kwenye dirisha la pili. Sasa kulikuwa na sakafu, na fagio chache zilizoegemea ukuta kama wageni wasiojuana. Akamuuliza Mama Fagio zilikokwenda. Mama Fagio akasema ziliuzwa. Zote? Zote. Kwa punguzo? Mama Fagio akamtazama mama mkwe wake kwa woga, akasema haruhusiwi tena kutoa punguzo.

Mwenyekiti alikaa kimya muda mrefu, akinywa chai iliyokwisha kupoa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Mama Fagio hakujaribu kuujaza ukimya wa mtu mwingine. Alishika pindo la gauni akangoja.

"Sheria inasema mradi ni kitu kinacholeta pesa," mwenyekiti akasema. "Haisemi lazima kiwe na mabawa. Leta uzi."

Mweka hazina alitoa kibiringo. Alisimama mbele ya kiti cha Bibi bila kujua pa kuanzia, na Bibi, ambaye alikuwa amechungulia mlangoni alasiri na kuona mambo yote, akainua mguu. Mwenyekiti ndiye aliyeanza kucheka safari hii. Wakakubaliana kwamba mkono unatosha. Uzi wa bluu ukafungwa kwenye kifundo, fundo likakazwa, na Bibi akaugeuzageuza mkono kwenye mwanga kama amevishwa bangili.

"Lakini uongo ni uongo," mwenyekiti akaendelea. Akasema Mama Fagio atatozwa faini ya kudanganya wakaguzi, na jirani yake faini ya kuazimisha kuku, na kuanzia siku ya soko ijayo Bibi akae sokoni mbele za watu, siyo nyuma ya pazia, maana kikundi hakikopeshi mapazia. Kisha akamwambia mweka hazina ataje kiasi.

Mweka hazina akataja. Hakikuwa kidogo. Alikitaja kwa utamu wa mtu anayelipiza kisasi cha fagio mbili.

Mama Fagio alifungua mdomo. Mzigo wa uongo ulikuwa umemtoka mgongoni, akiba yake ilikuwa mahali pake, na moyo wake ulijaa shukrani kiasi kwamba alikuwa tayari kulipa hiyo faini na kuongeza kitu juu. Alikuwa ameshavuta pumzi ya kusema hivyo.

Kijiko kikagonga kikombe.

"Nyamaza, mwanangu," Bibi akasema, akisogeza kiti chake kumwelekea mweka hazina na kuyaweka meno sawa. "Kamletee mgeni chai nyingine. Mimi niko kazini."